Kipimo cha mzio kwenye ngozi ya farasi: kinajibu swali gani?

Swali: Nina farasi jike wa miaka 9. Huu ni mwaka wa tatu, wadudu wakianza kuwa wengi anajikuna shingo na mkia mpaka singa zinakatika, na mara mbili ametokwa na mabaka yaliyovimba mwili mzima. Daktari wa mifugo amenishauri tumpime mzio kwa sindano za ngozi, na gharama yake si ndogo. Rafiki yangu alimpima farasi wake, akarudishiwa karatasi yenye vitu 17 ambavyo eti vinamdhuru. Akabadilisha malisho, matandiko na hata zizi. Farasi bado anajikuna. Je, kipimo hiki kinaaminika kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, kinaaminika kwa kazi moja, na siyo ile ambayo rafiki yako alikipa. Kipimo cha ngozi humsaidia daktari kuchagua vitu vya kuweka kwenye tiba ya kuuzoesha mwili, yaani dozi ndogo ndogo za kile kinachomdhuru, kwa farasi ambaye imekwisha kujulikana kwa njia nyingine kwamba ana ugonjwa wa mzio. Hakifai kukuambia kama farasi ana mzio au hana, wala kukupa orodha ya vitu vya kuepuka. Ukikitumia kwa kazi hizo mbili utapata majibu, tena mengi, ila hutajua lipi la kushika na lipi la kuacha.

Nianze na jinsi kinavyofanyika, maana udhaifu wake mwingi umejificha humo. Farasi hupewa dawa ya kutuliza, nywele za upande mmoja wa shingo hunyolewa, kisha daktari huchora vidoti kwa safu na kudunga ndani ya ngozi tone la kila kimiminika, kwa kawaida kati ya mililita 0.05 na 0.1. Vimiminika hivyo hutengenezwa kutokana na chavua za nyasi na miti, kuvu, utitiri wa vumbi na wadudu mbalimbali; idadi inaweza kufika 50 au 60. Sindano mbili hazina kichochezi chochote, yaani kitu kinachoamsha mzio: moja ni maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuvimbisha ngozi, na nyingine ni histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe wa mzio, ambayo lazima iivimbishe. Baada ya dakika 15 hadi 30 daktari hupima kila kivimbe na kukilinganisha na hivyo viwili. Kinachofika katikati ya viwili hivyo au kupita huandikwa chanya, yaani ngozi imeitikia; kisichofika ni hasi. Husomwa tena saa 4 hadi 6 baadaye, na mara ya tatu kesho yake, kwa sababu ngozi ya farasi ina tabia ya kuchelewa. Sehemu iliyokaa kimya nusu saa ya kwanza inaweza kuvimba jioni.

Sasa, kivimbe kina maana gani? Ndani ya ngozi kuna seli za kinga ziitwazo seli za masti, zilizojaa histamini. Juu ya seli hizo hukaa kingamwili, yaani protini za kinga, za aina ya IgE, na kila kingamwili inatambua kitu chake. Kitu hicho kikiingia na kuzishika kingamwili mbili kwa pamoja, seli humwaga histamini, maji huvuja kutoka mishipa midogo ya damu, ngozi inainuka. Kwa hiyo kivimbe kinatoa ushahidi wa jambo moja tu: seli za mahali pale zimebeba kingamwili ya kitu kile. Mwaka 1921, madaktari Carl Prausnitz na Heinz Küstner walilionyesha hili kwa namna ambayo hadi leo napenda kuwasimulia wenye farasi. Küstner alikuwa na mzio wa samaki. Prausnitz hakuwa nao. Yeye alisumbuliwa na chavua za nyasi. Prausnitz akadungwa kwenye ngozi yake seramu, yaani maji ya damu, ya mwenzake, na kesho yake mahali hapo hapo akadungwa maji ya samaki. Ngozi ikavimba. Kingamwili yenyewe ilikuja kutambuliwa na kupewa jina la IgE zaidi ya miaka 40 baadaye. Lakini tazama kilichotokea: ngozi ya mtu ambaye samaki hawamdhuru iliitikia samaki. Kingamwili ilikuwapo mahali pale, ugonjwa haukuwapo.

Farasi wengi wazima wako katika hali hiyo hiyo. Farasi anakula nyasi kavu zenye kuvu, analala juu ya matandiko yenye utitiri, anaumwa na wadudu maisha yake yote. Mwili wake umekutana na vitu hivi vyote na baadhi umevitengenezea kingamwili, bila kuwashwa hata siku moja. Kila mara watafiti walipowadunga farasi wasio na ugonjwa wowote wa ngozi, sehemu kubwa yao waliitikia angalau kitu kimoja, na hasa vimiminika vya wadudu na vya utitiri. Farasi wagonjwa, wakichukuliwa kama kundi, huitikia vitu vingi zaidi kuliko wazima. Ila tofauti ya makundi haikusaidii unapokuwa na farasi mmoja mbele yako na karatasi moja mkononi.

Kuna sababu ya pili ya chanya hizo, nayo haihusiani na kinga kabisa. Kimiminika kikiwa kikali kupita kiasi, kinaiudhi ngozi yenyewe. Itavimba hata bila kingamwili. Kila kimiminika kina kiwango chake ambacho chini yake ngozi ya farasi mzima hutulia na juu yake huanza kuudhika, na viwango hivyo havifanani: kilicho salama kwa chavua fulani kinaweza kuwa kikali mno kwa mdudu fulani. Watafiti wamejitahidi kuvitafuta kwa farasi, kundi moja la vichochezi baada ya jingine, na majibu yao hutofautiana kulingana na kampuni iliyotengeneza chupa na mahali farasi walipoishi. Vimiminika vyenyewe navyo vina matatizo yake. Vya wadudu kwa kawaida hutokana na mdudu mzima aliyesagwa, miguu, mabawa, tumbo na kila kilichomo tumboni, ilhali kinachomdhuru farasi ni protini chache za mate ya mdudu. Zaidi ya hayo, wadudu na utitiri wana protini zinazofanana, mojawapo ni tropomiosini ya misuli yao, kwa hiyo kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya mmoja inaweza kumshika mwingine ambaye farasi hajawahi hata kumwona.

Hapa nitakuomba uvumilie hesabu kidogo. Namba ni za kudhania, nimezichagua ziwe rahisi kufuata, lakini mwelekeo wake ndio ninaoukuta kazini. Tuchukue farasi 100 wa kila namna, 20 kati yao wana ugonjwa wa mzio wa wadudu. Kipimo kinawanasa 16 kati ya hao 20. Kati ya wazima 80, kinawapa chanya 24. Jumla ya chanya ni 40, na walio wagonjwa kweli ni 16, yaani wawili kati ya kila watano. Ukiokota farasi yeyote na kumpima, chanya yake ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukudanganya kuliko kukwambia ukweli.

Tuchukue sasa farasi 100 wanaofanana na wako: wanajikuna singa na mkia, msimu wa wadudu, mwaka baada ya mwaka. Tuseme 80 kati yao wana mzio wa wadudu. Kipimo kile kile, bila kubadilika chochote, kitawanasa 64, na kati ya 20 wasio nao kitawapa chanya 6. Chanya sasa inasema kweli mara 64 kati ya 70. Inapendeza, sivyo? Ila angalia waliobaki, wale 30 wenye hasi. Humo mna wagonjwa 16 na wazima 14. Farasi wako akipata hasi, bado ana uwezekano zaidi ya nusu kuwa mgonjwa wa jambo lile lile ulilokuwa unalishuku. Chanya haikukuongezea mengi juu ya ulichojua tayari kwa macho yako, na hasi haikukuondolea.

Hiyo ni hesabu ya kichochezi kimoja. Karatasi ya rafiki yako ilikuwa na safu nzima. Kama kila kimiminika kati ya 60 kinakosea kwa farasi mzima mmoja tu kati ya 10, farasi asiye na mzio wowote atarudi nyumbani na chanya kama 6. Kikikosea kwa mmoja kati ya wanne, atarudi na 15. Kwa hiyo orodha ya vitu 17 hainishtui, na wala haimaanishi kwamba aliyepima ni tapeli. Kosa lilikuwa katika kuisoma kama orodha ya maadui.

Kuna upande wa pili wa shilingi, hasi za uongo, na nyingi ya hizo zinazuilika. Chanzo kikubwa ni dawa. Antihistamini, dawa zinazozuia histamini, huzima kivimbe moja kwa moja. Madaktari wengi hutaka ziachwe kwa siku 7 hadi 14 kabla ya kupima. Steroidi za kumeza, dawa za kutuliza uvimbe kama prednisoloni na deksamethasoni, wengi huzipa wiki 2 hadi 4. Sindano za steroidi zinazokaa mwilini muda mrefu ni balaa zaidi, zinaweza kuhitaji miezi 2 au 3, na nimeona wenye farasi wasiokumbuka kabisa kwamba farasi alidungwa moja. Krimu za steroidi zilizopakwa shingoni nazo zinahesabika. Hata dawa ya kutuliza siku yenyewe ina maana: zailazini na detomidini hazileti shida, asepromazini huepukwa kwa sababu inaingilia kati. Ndiyo maana histamini iko pale. Kivimbe cha histamini kisipotokea, kipimo chote kisimamishwe, hata kama safari ilikuwa ndefu na pesa zimeshalipwa. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe, lakini. Farasi anayejichubua mpaka damu hatakusubiri wiki 4 ili ngozi yake iwe tayari kwa sindano.

Chanzo kingine ni msimu. Ukipima miezi mingi baada ya wadudu kutoweka, kingamwili zinaweza kuwa zimepungua. Ukipima katikati ya mlipuko mkali, ngozi imechoka au inaitikia kila kinachoigusa. Mwishoni mwa msimu, au muda mfupi baada yake, ndiyo wakati wengi wetu tunaoupendelea. Na pia mkono na jicho la anayepima. Tone likiingia chini ya ngozi badala ya ndani yake, hakuna kivimbe cha kusoma. Madaktari wawili wakitazama shingo moja hawatoi alama zile zile kila mara, hasa kwenye vivimbe vidogo vilivyo mpakani, na kwa bahati mbaya huko mpakani ndiko vilivyo vingi.

Kuaminika kwake, basi, kunategemea unakipeleka kwenye ugonjwa gani.

Kwa mabaka yanayorudi mara kwa mara na muwasho wa mwaka mzima usiofuata wadudu, yaani mzio wa mazingira, hapo ndipo kipimo cha ngozi kina nafasi yake halali. Ugonjwa umeshathibitishwa kwa historia na kwa kuondoa sababu nyingine, na tunataka kujua tuuzoeshe mwili kwa vitu gani.

Kwa chakula, usikitumie. Chanya ya ngozi kwa shayiri au soya haielezi chochote cha maana kwa farasi. Mzio wa chakula kwa farasi ni nadra, na unapimwa kwa kumlisha: malisho ya aina moja ambayo hajazoea kuyala, kwa wiki 4 hadi 8, hakuna virutubisho vya pembeni, kisha unamrudishia chakula cha zamani kimoja baada ya kingine na kuangalia. Kama dalili hazikupungua kwenye malisho mapya, au zilipungua lakini hazikurudi aliporudishiwa ya zamani, chakula hakikuwa tatizo. Rafiki yako angeanzia hapa kurudisha mambo yake kawaida. Malisho aliyoyaondoa kwa sababu ya sindano ayarejeshe kidogo kidogo, maana farasi anayenyimwa chakula kizuri bila sababu naye anaumia.

Kwa pumu ya farasi, vivyo hivyo, hapana. Farasi wenye pumu na wasio nayo huitikia kuvu zile zile kwenye ngozi. Mapafu yanachunguzwa mapafuni, kwa kuingiza maji ya chumvi katika njia za hewa, kuyavuta tena na kuhesabu seli zilizomo. Na matibabu yake ya kwanza ni kupunguza vumbi la nyasi kavu, ambalo ungelipunguza hata kama karatasi isingeandika neno.

Tuje kwa wadudu, ambako nadhani ndiko farasi wako aliko. Mhusika mkuu duniani ni visubi wa jenasi Culicoides, wadogo wa milimita 1 hadi 3, wanaouma zaidi machweo na alfajiri na wasioweza kuruka vizuri kwenye upepo. Ushahidi bora kabisa kwamba ni wao ulitoka kwa farasi wa Iceland. Visubi hawa wanaouma farasi hawakuwapo nchini mwao. Farasi waliozaliwa huko wakipelekwa Ulaya bara wakiwa wakubwa huugua kwa wingi mno, katika maeneo yenye visubi wengi zaidi ya nusu yao, ilhali ndugu zao wa uzao ule ule waliozaliwa Ulaya bara na kuumwa tangu utotoni huugua wachache. Hapakuhitajika sindano kuligundua hilo. Palihitajika kuangalia nani anaugua, wapi, na lini.

Cha ajabu, ni kwa ugonjwa huu wa kawaida kuliko yote ambapo vimiminika vya ngozi vina udhaifu mkubwa, kwa ile sababu ya mdudu mzima aliyesagwa. Protini za mate ya visubi zilizotengenezwa moja moja maabara hutofautisha vizuri zaidi farasi mgonjwa na mzima, na naamini siku zijazo za upimaji ziko huko, ila bado si huduma ya kila mahali. Aina za visubi nazo hutofautiana kutoka sehemu hadi sehemu. Chupa yenye aina ambayo haipo kwenu inaweza kukosa kabisa kilichomo kwenye ngozi ya farasi wako.

Utaulizwa pia kuhusu kipimo cha damu. Kinavutia: hakuna kunyoa, dawa nyingi hazihitaji kuachwa kwa muda mrefu hivyo, sampuli inatumwa tu. Kinapima IgE inayozunguka kwenye damu, na tatizo la msingi liko pale pale, kwamba kuwa na kingamwili si kuwa na ugonjwa. Majibu ya damu na ya ngozi ya farasi mmoja mara nyingi hayapatani, na maabara mbili zikipewa damu moja zinaweza kutoa orodha mbili. Sikikatai moja kwa moja. Kwa farasi ambaye hawezi kuachishwa steroidi ndicho kilichobaki. Lakini vile vipimo vya nywele na mate vinavyouzwa kwa posta, hapo nasema wazi, acha. Kwa mbwa viliwahi kujaribiwa kwa kutumiwa manyoya bandia na maji matupu badala ya mate, na vikaleta majibu ya mzio kama kawaida. Hiyo ni ramli yenye nembo ya maabara.

Ningekuwa na farasi wako mbele yangu, sindano zingekuja mwishoni. Kwanza ningetafuta vitu vinavyofanana na mzio. Chawa, wanaoonekana kwa macho ukigawanya manyoya vizuri. Utitiri wa miguuni. Minyoo ya mkunduni, inayomfanya farasi asugue mkia, ambayo hupatikana kwa kubandika ukanda wa gundi chini ya mkia na kuutazama kwa hadubini. Choa. Mnyoo wa Onchocerca, ambaye kwa kejeli ya maumbile huenezwa na visubi hao hao na kuwasha katikati ya tumbo. Ukaguzi huu ni wa bei nafuu, na mara kwa mara unamaliza kesi nzima.

Kisha ningefanya kipimo ambacho kwangu kina uzito kuliko safu zote 60: kumkinga na visubi kwa wiki 4 hadi 6, kwa ukamilifu. Zizini kabla ya jua kuzama mpaka asubuhi itakapokuwa imekwenda, feni inayovuma juu yake, vazi la kitambaa chepesi linalofunika shingo, tumbo na mzizi wa mkia, dawa ya kufukuza wadudu yenye permetrini iliyoruhusiwa kwa farasi, na awe mbali na maji yaliyotuama na matope. Ukifanya nusu nusu utapata jibu la nusu nusu. Ukifanya kikamilifu na kujikuna kukapungua sana, una utambuzi wa ugonjwa, na bahati nzuri utambuzi wenyewe ndio matibabu.

Mabaka yale ya mara mbili ni suala jingine, na nisingeyaunganisha na mkia haraka hivyo. Mara mbili katika miaka mitatu ni haba. Angalia kumbukumbu zako: alipewa dawa gani, chanjo gani, dawa ya minyoo, lishe mpya, katika siku chache kabla ya kila tukio. Dawa ni miongoni mwa sababu za kawaida za mabaka kwa farasi, na hakuna chupa yake kwenye safu za shingo.

Kama baada ya hayo yote anaendelea kuwashwa miezi mingi ya mwaka, au mabaka yanaanza kuja mara kwa mara, na uko tayari kumpa sindano za kuuzoesha mwili kwa angalau mwaka mmoja, basi mpime. Hilo sharti la mwisho ndilo ninalolisisitiza. Usipokuwa na nia ya tiba hiyo, majibu hayatabadilisha chochote utakachomfanyia. Tiba yenyewe ni dozi ndogo zinazopanda taratibu za vichochezi vilivyochaguliwa, na nafuu ikija huonekana baada ya miezi 6 hadi 12. Taarifa nyingi zinaeleza kwamba zaidi ya nusu ya farasi wenye mzio wa mazingira hupata nafuu, ijapokuwa nyingi kati ya hizo hazikuwa na kundi la kulinganisha na zilitegemea maoni ya wenye farasi. Kwa visubi hali ni dhaifu zaidi: jaribio moja lililolinganisha kimiminika cha visubi na dawa bandia, bila wahusika kujua nani kapewa nini, halikuona tofauti. Tafiti zinazotumia protini za mate zinaendelea, na zina matumaini kuliko mdudu aliyesagwa.

Ukiamua kupima, zungumza na daktari kabla ya siku yenyewe. Muulize viwango vya vimiminika vyake vimetokana na farasi au vimeazimwa kutoka kwa mbwa. Muulize kama atasoma mara tatu au mara moja tu na kuondoka. Kama anaondoka baada ya nusu saa, piga picha za shingo jioni na kesho asubuhi, ukiweka rula kando ya vivimbe. Hakikisha ana adrenalini karibu, kwani mshtuko wa mzio wakati wa kipimo ni nadra sana lakini si hadithi. Halafu muulize atachaguaje vya kuweka kwenye tiba. Jibu unalotaka kusikia ni kwamba atachukua chanya zile tu zinazolingana na mahali farasi anapoishi na miezi anayougua, na nyingine ataziacha kwenye karatasi. Chavua ya mti unaochanua wakati farasi wako hana muwasho haina kazi kwenye chupa yake, hata kama kivimbe chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Na omba nakala yenye vipimo vya milimita, pamoja na vile vya histamini na maji ya chumvi. Maneno "chanya" na "hasi" peke yake hayatamfaa daktari mwingine atakayeisoma mwakani.